Kisu, mpira na namba

(Maneno haya niliyasema mbele ya wastaafu wenzangu, Moshi. Nimeyaandika karibu kama yalivyotoka mdomoni, nikapunguza vicheko na kuongeza tarakimu zilizonitoka kichwani nilipokuwa nimesimama.)

Wazee wangu, shikamooni. Kaka zangu, habari za asubuhi. Akina mama mliokuja na waume zenu, asanteni zaidi, maana nawajua wanaume: nusu yao wasingefika kama msingewatolea shati kabatini na kuwasindikiza hadi kwenye daladala.

Mimi ni muuguzi mstaafu. Nimefanya kazi hospitalini miaka 31, na zaidi ya 20 kati ya hiyo niliimaliza wodi ya mkojo. Wenyewe tuliiita wodi ya mipira, kwa sababu karibu kila kitanda kilikuwa na mfuko unaning'inia ubavuni. Sikuja kuwafundisha upasuaji. Hiyo ni kazi ya waliosomea. Nimekuja kusema habari za mgonjwa baada ya mpasuaji kuvua glovu na kwenda kunywa chai, hasa mgonjwa mwenye saratani ya tezi dume ya ile aina ambayo madaktari wanaiita ya hatari kubwa.

Kwanza niwatoe kwenye mtego mmoja. Mtaani kuna operesheni tatu zinazoitwa kwa jina moja, "operesheni ya tezi dume", na jina hilo moja limewaponza wengi.

Ya kwanza ni ya tezi iliyokua tu kwa umri, isiyo na saratani. Mzee hakojoi vizuri, anaamka mara tano usiku. Daktari anapitisha chombo kwenye njia ya mkojo na kukwangua, au anafungua tumbo na kutoa nyama ya ndani. Hapa ganda la tezi linabaki. Ni kama mnavyokula parachichi kwa kijiko: nyama imeliwa, ganda lipo mkononi. Sasa saratani nyingi za tezi dume huanzia sehemu ya nje, kule kwenye ganda. Nimepokea wazee wanaosema kwa kujiamini, "Sista, mimi tezi dume nilishatolewa zamani," huku mgongo unawauma usiku kucha. Hawakutolewa. Walikwanguliwa.

Ya pili ndiyo niliyoijia leo. Hii inatoa tezi nzima, ganda na yote, pamoja na vifuko vya mbegu vilivyo nyuma yake, kisha mpasuaji anashona kibofu na njia ya mkojo vikutane upya. Hugh Hampton Young aliifanya Marekani, hospitali ya Johns Hopkins, mwaka 1904. Kwa miaka mingi wanaume waliiogopa kwa sababu ya damu nyingi na kwa sababu karibu kila aliyefanyiwa aliaga nguvu za kiume. Mwaka 1982, hospitali hiyohiyo, Patrick Walsh akaonyesha kwamba mishipa ya fahamu inayosimamisha uume inapita ubavuni mwa tezi na inaweza kuachwa salama. Hapo ndipo operesheni hii ilipobadilika.

Ya tatu ni kutoa korodani. Najua mmeguna. Saratani hii hula homoni ya kiume kama moto ulavyo nyasi kavu. Ukiikata homoni, saratani inasinyaa. Charles Huggins aliyeonyesha jambo hilo mwaka 1941 alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1966. Siku hizi kuna sindano zinazofanya kazi hiyohiyo, ila wengi wetu sindano za kila mwezi au kila miezi mitatu hutushinda bei, tunachagua kisu cha mara moja. Operesheni hii haiondoi saratani. Inailaza.

Kwa hiyo mtu akikuambia baba fulani alifanyiwa operesheni ya tezi dume akapona, au akafa, muulize: ipi?

Hatari kubwa maana yake nini? Kuna alama tatu, na mojawapo inatosha. Ya kwanza ni PSA, kile kipimo cha damu kinachohesabu kitu kinachotengenezwa na tezi dume, ikipita 20. Ya pili ni kinyama kilichochukuliwa kwa sindano kikaangaliwa kwa hadubini, kikapewa alama ya Gleason kuanzia 8 hadi 10. Gleason alikuwa mwanapatholojia wa Marekani, na alama zake zimetumika tangu miaka ya 1960. Leo ya chini inayoitwa saratani ni 6, ya juu kabisa na kali zaidi ni 10. Ya tatu ni saratani iliyokwisha kutoboa ganda, ambayo mara nyingine daktari huigusa kwa kidole. Naam, kidole. Mnacheka, lakini nimewaona wazee waliokataa kidole cha nusu dakika wakaja kukubali kitanda cha miezi minane.

Zamani mtu wa alama hizo aliambiwa kisu kimempita. Leo sivyo. Kama vipimo havionyeshi saratani kwenye mifupa, kama moyo, sukari na presha vimetulia, na kama kwa makadirio ana miaka kumi au zaidi mbele yake, mpasuaji anaweza kumpeleka theta. Atatoa tezi dume, na atatoa pia tezi za limfu za nyonga, zile ndogondogo ambazo saratani hupitia ikisambaa, ili zipimwe. Mpaka sasa haijathibitishwa kwamba kutoa tezi za limfu kwenyewe kunarefusha maisha, lakini kunaonyesha saratani imetembea hadi wapi, na hilo linabadilisha yanayofuata.

Yanayofuata. Shikeni neno hilo, nitalirudia.

Je, kisu kinasaidia? Ushahidi ninaoupenda unatoka mbali, Sweden, Finland na Iceland. Kati ya mwaka 1989 na 1999 wanaume 695 wenye saratani iliyokuwa bado ndani ya tezi waligawanywa kwa kura: wengine wakafanyiwa upasuaji, wengine wakasubiri na kutibiwa pale dalili zilipokuja. Wakafuatiliwa miaka 29. Fikirieni subira hiyo! Hao hawakukutwa kwa kupimwa PSA kijijini. Wengi uvimbe wao ulishagusika kwa kidole, na ndiyo maana nawaona wanafanana nasi kuliko wanaume wa Marekani wa leo. Mwishoni, katika kundi la kisu waliokufa kwa saratani hiyo walikuwa 71, na katika kundi la kusubiri 110. Kwa wastani waliopasuliwa walipata miaka 2.9 zaidi ya kuishi.

Lakini sikilizeni na upande wa pili, maana hapa ndipo penye habari yenu. Wale ambao kinyama chao kilionyesha saratani kali kupindukia hawakuingizwa kwenye utafiti. Hata hivyo, baada ya tezi kutolewa na kukatwakatwa maabara, wengine walikutwa na ukali ambao sindano haikuuona. Aliyekutwa saratani imetoboa ganda alikuwa na hatari ya kufa nayo mara tano zaidi ya ambaye haijatoboa. Aliyekutwa na Gleason zaidi ya 7, mara kumi zaidi ya mwenye 6 au chini. Na hao wote walishapasuliwa. Tezi ilishatoka. Kwa mtu wa hatari kubwa kisu ni kazi ya kwanza, halafu kuna kazi nyingine.

Mtaniuliza: basi kwa nini tusiende moja kwa moja kwenye mionzi? Swali zuri, na jibu lake litategemea umemuuliza nani. Mwamba ngoma huvutia kwake. Mpasuaji atakuonyesha takwimu kwamba waliopasuliwa wanaishi zaidi. Hatakuambia kwa sauti ileile kwamba waliochaguliwa kupasuliwa mara nyingi walikuwa vijana zaidi na wenye afya zaidi tangu mwanzo. Daktari wa mionzi naye ana lake, tena zito: utafiti mkubwa uliofanyika Uingereza na Uswisi, uliotolewa mwaka 2022, ulionyesha kwamba wenye hatari kubwa wakipewa sindano ya kukata homoni, na wengi wao mionzi, kisha wakaongezewa vidonge vya abirateroni, vinavyozidi kuikata homoni hiyo, kwa miaka 2, baada ya miaka 6 walikuwa hai bila saratani kusambaa 82 katika kila 100, bila vidonge hivyo, 69. Kuvishindanisha kisu na mionzi kwa kura kwa watu wa hatari kubwa, hilo ndilo wenzetu wa nchi za kaskazini mwa Ulaya wanalolifanya sasa. Mpaka majibu yatoke, atakayekuapia kwamba njia yake ndiyo pekee, msikilizeni kwa adabu, kisha mkamwone na mwenzake. Ukipewa nafasi ya kuwaona wote wawili, waone wote wawili. Nauli ya kwenda Dar mara mbili ni ndogo kuliko majuto.

Na mkishaamua kisu, mpasuaji aulizwe swali moja ambalo Waswahili tunaona haya kuliuliza: "Daktari, umeshafanya ngapi za aina hii?" Hii si dharau. Mwaka 2007 kulitoka utafiti uliochambua wagonjwa zaidi ya 7,700 wa wapasuaji 72. Aliyepasuliwa na mtu mwenye operesheni 10 nyuma yake, nafasi ya saratani kurudi ndani ya miaka mitano ilikuwa karibu 18 kwa 100. Aliyepasuliwa na mwenye operesheni 250, karibu 11 kwa 100. Hata fundi cherehani hujamkabidhi kitambaa cha harusi kabla hujaona suti aliyomshonea mwingine.

Roboti? Najua kuna wanaouza shamba waende India wakapasuliwe na roboti. Roboti haipasui yenyewe, jamani. Kuna daktari amekaa pembeni ameishika. Kule Brisbane, Australia, wanaume 326 waligawanywa kwa kura, roboti huku, mkono huku. Wa roboti walipoteza damu kidogo zaidi. Lakini baada ya miaka 2, kuzuia mkojo na nguvu za kiume vilikuwa karibu sawa pande zote. Kama shamba ni lako na una mengine, uza. Kama ndilo linalosomesha wajukuu, tafuta kwanza mikono yenye mazoea hapa karibu.

Sasa niingie wodini kwangu.

Baada ya operesheni mgonjwa hukaa na mpira wa mkojo wiki moja hadi mbili ili mshono upone. Siku ya kuutoa mpira ndiyo siku niliyoiogopa kuliko ya operesheni. Ndani ya kibofu kuna kiputo chenye maji kinachoushikilia. Nayavuta maji kwa bomba la sindano, namwambia mzee avute pumzi, mpira unatoka. Kisha anasimama. Na akisimama tu, mkojo unadondoka wenyewe, tone, tone, kwenye sakafu ya simenti. Mtu aliyekuwa meneja, padri, mwenyekiti wa kijiji, anaangalia miguu yake kama si yake. Mara nyingi mke ndiye anayeinama kwanza na kipande cha kanga.

Kama hakuambiwa mapema, hapo anavunjika. Kwa hiyo nawaambia mapema. Kuna utafiti wa Uingereza uliowafuatilia wanaume waliopasuliwa: kabla ya operesheni karibu hakuna aliyevaa pedi, baada ya miezi 6, 46 kwa 100 walivaa, baada ya miaka 6 walibaki 17 kwa 100. Kwa hiyo wengi hukauka, lakini kwa miezi, na si wote. Kuna mazoezi ya kukaza misuli ya chini: ile unayoikaza unapozuia hewa isikutoke mbele ya wakwe. Hiyohiyo. Anzeni kabla ya operesheni, mara kadhaa kwa siku, hata kwenye foleni ya benki, hakuna atakayejua.

Kuhusu chumbani. Akina mama, msiinamishe vichwa, hili ni lenu pia. Katika utafiti huohuo, waliokuwa wanaweza tendo la ndoa kabla walikuwa 67 kwa 100. Baada ya miezi 6, 12. Baada ya miaka 6, 17. Na wengi wao walikuwa na saratani nyepesi, ambayo mpasuaji anaweza kuiacha ile mishipa ya Walsh. Kwa mwenye hatari kubwa, upande saratani ilipo mara nyingi mishipa hutolewa pamoja na tezi, maana kuiacha ni kuacha mbegu shambani. Dawa na vifaa vipo, vinawasaidia baadhi. Ila nimeona ndoa zilizoumia zaidi kwa ukimya kuliko kwa kisu. Mzee anahamia chumba cha watoto bila kusema neno, mama anadhani amepata mwingine. Hata wakubwa wanaficha. Lloyd Austin, akiwa Waziri wa Ulinzi wa Marekani, alipasuliwa tezi dume Desemba 2023, akarudishwa hospitali na maambukizi siku ya mwaka mpya, na Rais wake aliambiwa kuwa ni saratani tarehe 9 Januari. Kama jenerali wa nyota nne alimficha Rais, sishangai wewe kumficha mama Neema.

Sasa kosa langu.

Kulikuwa na mgonjwa nitakayemwita Mwalimu, kwa sababu alikuwa mwalimu mkuu wa shule ya msingi. Hospitali siitaji. Umri 63, PSA 34, Gleason 8, mifupa safi. Alipasuliwa vizuri. Wiki ya sita akapimwa PSA ikawa chini ya 0.1, kama inavyotakiwa, maana tezi ikishatoka hakuna wa kuitengeneza hiyo PSA. Inapaswa kushuka karibu na sifuri. Mimi ndiye niliyemsomea majibu. Nikamwambia, "Baba, umepona."

Alinishika mikono yote miwili. Jumamosi ile akachoma ndafu, nami nilialikwa, nikala.

Ndani ya faili lake kulikuwa na karatasi ya maabara. Iliandikwa kwamba saratani ilikuwa imetoboa ganda, na kwamba upande mmoja ukingo wa nyama iliyokatwa ulikuwa na saratani. Yaani kisu kilipita ndani ya ugonjwa, pengine kuna chembe zilibaki. Hakuna aliyekaa naye kumweleza karatasi hiyo. Na aliyeambiwa amepona ana haja gani ya kliniki? Hakurudi. Sikumuuliza. Wodi ilikuwa imejaa.

Alirudi baada ya miaka sita, akitembea kwa fimbo. Mgongo. PSA ilikuwa 212.

Mtu aliyetolewa tezi akionekana na PSA ya 0.2 au zaidi, ikapimwa tena ikawa hivyo, saratani imerudi. Hana maumivu, hana dalili, anapanda mlima na kushuka. Hapo ndipo mionzi ya nyonga ina nafasi nzuri ya kuikamata, namba ikiwa bado ndogo. Mwaka 2020 tafiti tatu zilitolewa pamoja, zikiuliza kama kila aliyepasuliwa apewe mionzi mara moja au asubiri mpaka PSA ianze kupanda. Zilionyesha kwamba wengi wanaweza kusubiri bila hasara, na wengine hawataihitaji mionzi maisha yao yote. Wenye alama mbaya zaidi walikuwa wachache katika tafiti hizo, kwa hiyo kwao daktari huamua mmoja mmoja. Lakini angalieni: kusubiri huko ni kwa mtu anayepimwa. Kila miezi mitatu hadi sita mwanzoni, kisha kwa nafasi zaidi. Asiyepimwa hasubiri; amepotea tu.

Na muda ulikuwepo. Johns Hopkins waliwahi kuwafuatilia wanaume ambao PSA yao ilipanda baada ya upasuaji, kabla ya kupewa tiba nyingine. Kutoka namba kupanda hadi saratani kuonekana imesambaa ilichukua miaka 8 kwa mtu wa katikati. Kwa wenye Gleason ya juu, pungufu. Mwalimu alikuwa na miaka ya kutosha ya kukamatwa. Ilihitajika sindano moja ya damu kila baada ya miezi, na sista asiyesema "umepona".

Neno hilo nililiacha. Hadi nilipostaafu nilisema, "Namba yako leo ni nzuri, baba. Tarehe yako ya kurudi ni hii."

Mwalimu alikubali ile operesheni ya tatu. Aliishi miaka minne mingine, na miwili ya mwanzo alifundisha hesabu wajukuu barazani. Safari hii hakukosa kliniki. Alichukua rejista ya mahudhurio ya shule, zile ndefu zenye mistari ya bluu, akawa anaandika tarehe, PSA, na neno moja. Namba ikishuka aliandika "mtoro". Ikipanda, "karudi". Kuna ukurasa mzima wa mtoro, mtoro, mtoro. Halafu karudi. Halafu namba bila neno.

Mkewe alinipa rejista hiyo baada ya arobaini, akaniruhusu nije nayo leo. Kurasa za mwisho ziko tupu. Nitaiweka pale mezani, karibu na vijana wa maabara wanaotoa damu, atakayetaka aifungue. Waliokwisha kupasuliwa waje na karatasi zao za maabara kama wanazo, tutazisoma pamoja, mstari kwa mstari, nina miwani na nina siku nzima. Na aliyekuja kwa baiskeli asubuhi hii, au aliyelala vizuri sana na mama jana usiku, aniambie kabla hajakunja mkono wa shati. Yote mawili yanaweza kuipandisha PSA, tutampa tarehe nyingine.